Mzee Hakatai Mashine, Anauliza Nani Yuko Upande wa Pili

Kuna sentensi moja imegeuka kama sala ya kufungulia mikutano ya afya ya kidijitali nchini: "Changamoto kubwa ni wazee wetu, bado hawajaipokea teknolojia." Inasemwa Dodoma, inasemwa Arusha kwenye kumbi zenye viyoyozi, vichwa vinatikiswa kwa huruma, kisha watu wanakwenda kunywa chai. Natamani msemaji mmoja tu apande gari mpaka Wasso, ashike njia ya milimani kwenda Enguserosambu, akae na wazee wa huko tangu ng'ombe wanapotoka bomani hadi jua la utosi, halafu airudie sentensi yake mbele yao.

Enguserosambu ni kata ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, huko juu ambako msitu unavuka mpaka na kuingia Kenya bila kuomba pasipoti. Ng'ambo ya pili Wamasai wa Loita wanauita Naimina Enkiyio. Ni nchi ya baridi, ya miti mikubwa na chemchemi, na boma zimeachana kiasi kwamba jirani ni mtu wa kutembelewa, si wa kupigiwa kelele dirishani. Msitu huo umelindwa na wenyeji wenyewe kwa vizazi, na wazee ndio wajuao mti upi unakatwa, upi hauguswi, na mzizi upi unachimbwa kwa maradhi gani. Naanza na msitu makusudi. Ndiyo hospitali ya kwanza mzee wa huku aliyoijua, na hadi leo hajaifunga.

Hospitali ya pili ilikuja miaka ya 1960, pale padri mmoja kutoka Austria ambaye pia alikuwa daktari, Herbert Watschinger, alipoanzisha Wasso. Kisha ikaja Endulen, upande wa hifadhi ya Ngorongoro. Mwaka 1983 padri mwingine, Pat Patten, akaanzisha huduma ya ndege za tiba yenye makao yake Olkokola, nje kidogo ya Arusha, na ndege ndogo zikawa zinatua kwenye viwanja vya nyasi katika nchi ya Wamasai, kliniki ikafanyikia chini ya bawa, mgonjwa mahututi akapakiwa. Fikiri sasa: mama aliyejifungua miaka ya 1980 huku amemwona daktari akishuka kutoka angani. Leo ana miaka sitini na ushei. Halafu kijana wa mradi anafika na simu mkononi na kumwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba "hawa wanaogopa vitu vipya."

Hawaogopi. Nenda mnadani uone. Mzee wa rika la Makaa amevaa shuka mbili, fimbo kwapani, na kitochi kimefungwa kamba shingoni. Anaulizia bei ya dume upande wa Kenya kabla hajakubali bei ya upande huu. Kijana wake ni mlinzi Dar es Salaam, anamtumia hela kwa simu, na mzee anajua ada ya kutolea kuliko mimi ninayeandika makala haya. Wengine wana laini mbili, moja ya huku na moja ya ng'ambo, kwa sababu mlimani mtandao wa jirani wakati mwingine unashika vizuri kuliko wetu. Teknolojia iliyomletea faida aliipokea siku ileile, na hakuna aliyemfanyia semina.

Kwa hiyo swali la kweli ni jingine. Mtu yuleyule anayepokea simu ya mnada na pesa ya mtandao, kwa nini akiletewa mashine ya presha nyumbani anaiweka kwenye sanduku la bati?

Hilo sanduku nimeliona zaidi ya mara moja, na si Enguserosambu peke yake. Mtoto anayeishi mjini amesikia mzazi wake alizimia kisimani. Ananunua mashine ya kidijitali, anaifunga vizuri, anaikabidhi kwa kondakta wa basi la Loliondo, anapiga simu kuuliza kama imefika. Imefika. Wiki ya kwanza boma zima linapimwa, hadi watoto. Wiki ya tatu betri zimekwisha, na zilizonunuliwa dukani senta ni zile za bei rahisi zisizomaliza siku mbili. Mashine inarudi kwenye boksi lake, boksi linaingia sandukuni, juu yake inawekwa shuka ya sherehe. Mtoto akipiga simu kuuliza "mnapima?", anajibiwa "tunapima." Niseme ukweli hapa, hata kama utaudhi: mashine nyingi za namna hii zinanunuliwa ili kumtuliza aliyezituma. Mzee analijua hilo, na kwa upole wake anamtuliza.

Lakini hebu tuutoe mkanda kwenye boksi tuutazame. Maelekezo yanataka mgonjwa akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, atulie dakika 5 bila kuongea. Katika nyumba ya Kimasai kuna kigoda kifupi na kitanda cha fito kilichotandikwa ngozi. Egemeo hakuna, meza hakuna. Mwanga ni ule unaopenya kwenye tundu la ukutani, na moshi wa moto upo kwa kazi yake. Bibi amenyoosha mkono wake mwembamba, bangili za shanga zimepandishwa hadi juu ya kiwiko. Mkanda unaouzwa na mashine nyingi umekatwa kwa mkono mnene kuliko huo, na mkanda uliozidi ukubwa hudanganya: unatoa presha ya chini kuliko ilivyo. Mashine inavuma, inabana, inaachia, inaonyesha tarakimu mbili kubwa na moja ndogo, na kimoyo kinapepesa pembeni. Bibi haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho, au trakoma ilimpitia zamani na kugeuza kope. Mjukuu wa darasa la sita anasoma: "Mia moja sitini na nane, tisini na sita." Kimya. Hakuna nyumbani pale mtu wa kusema namba hiyo inaamuru nini.

Na mjukuu amekwishajua siri ya mwili wa bibi yake kabla ya bibi mwenyewe. Watu wa mijini tunaongelea faragha kana kwamba ni mtu asiyejulikana anayechungulia taarifa zako kutoka nchi ya mbali. Kwa mzee wa huku anayechungulia ni mtoto wa nyumba moja, na kesho yake malishoni wenzake wote watakuwa na habari kwamba damu ya koko, yaani bibi, inakwenda mbio. Simu janja imetengenezwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana simu yake na namba yake ya siri. Bomani simu moja inaweza kutumiwa na wake wawili, mama mkwe na vijana watatu, na namba ya siri inajulikana na yule aliyesoma. Ujumbe unaomkumbusha mzee kumeza dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi utafunguliwa na nani kwanza? Mzee anayekataa namba yake isiandikwe kwenye programu hajashindwa kuelewa. Ameelewa kabla ya mtengenezaji.

Turudi kwenye presha, maana ndipo mzizi wa jambo ulipo. Wazee wa Kimasai walilelewa wakijua presha ni maradhi ya watu wa mjini, na hawakujitungia. Mapema miaka ya 1960 mtafiti wa Kimarekani, George Mann, alikuja Tanganyika kuwapima Wamasai, watu walioishi kwa maziwa na nyama. Akakuta lehemu ya damu yao iko chini na moyo wao uko imara, jambo lililowashangaza madaktari wa kwao kwa miaka mingi. Lakini boma la leo siyo lile. Ugali umeingia, mafuta ya kupikia yameingia, sukari kwenye chai imeingia kwa kijiko kilichojaa, na mwendo umepungua tangu pikipiki zifike. Tukitafuta picha ya wazee wa vijijini kaskazini mwa Tanzania, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana presha ya juu. Wengi hawakujua. Waliokuwa wakitibiwa na kudhibitiwa walikuwa wachache mno. Hai ina lami, ina hospitali, ina hospitali ya rufaa ya KCMC umbali wa daladala. Sitaki kubahatisha Enguserosambu ingekuwaje.

Kwa hiyo simtetei mzee kwa kusema hana haja ya kupimwa. Haja anayo, tena kubwa. Ninachosema ni kwamba anapokataa huwa na hoja, na hoja yake inafaa kusikilizwa kabla hatujamwita mshamba. Sikiliza mazungumzo haya, ya aina niliyoyasikia mara nyingi kati ya mhudumu wa afya na bibi wa boma:

"Koko, leo naomba tupime mkono."

"Ule wa siku ile ulisemaje?"

"Ulisema damu inakwenda kwa nguvu sana, koko."

"Na dawa?"

"Kituoni zimekwisha. Wameniambia wiki ijayo."

"Basi mwanangu, upime wiki ijayo."

Sijasikia mtaalamu yeyote wa mifumo akieleza tatizo la kupima bila kutibu kwa maneno machache kama hayo. Kifaa kinacholeta habari mbaya kila asubuhi bila kuleta dawa ni kifaa cha kutesa watu. Mzee akikizima, amejitibu nusu.

Ipo sababu nyingine, nayo inahusu dawa yenyewe. Kidonge cha presha humezwa kila siku na mtu asiyejisikia kuumwa, peke yake, kwa maji. Tiba aliyoizoea mzee ni ya watu. Vijana na wazee huingia porini, huchinja, huchemsha supu na kutia mizizi na magome ya miti wanayoijua, wakanywa pamoja siku kadhaa. Mtu anatoka huko ana nguvu na habari za kusimulia. Ukimwambia achague kati ya hiyo na kengele ya simu inayolia saa mbili usiku kumkumbusha kidonge, usishangae kengele ikizimwa. Ukumbusho wa dawa ungeshikamana na kitu kinachofanyika bomani kila siku, mathalani kukamua ng'ombe jioni, na ukasemwa na mtu, si na mlio.

Nikifika hapa msomaji wa Dar atanikumbusha kikombe. Najua. Ukiitaja Loliondo kusini ya Arusha, watu bado wanakumbuka mwaka 2011 na mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Samunge, na dawa yake ya mugariga kwa shilingi 500 kikombe. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita, wagonjwa wakatolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko, wengine wakafia njiani. Mwasapile alifariki mwaka 2021. Lakini tukumbuke vizuri nani alikuwa kwenye foleni ile. Walikuwa watu wa mijini, wenye magari na helikopta, mawaziri na wafanyabiashara, waliopata habari kwa simu, redio na televisheni. Habari ile ilisafiri kwa teknolojia, na wakubwa wa teknolojia wakaifuata. Sioni kwa nini mzee wa milimani ndiye abebeshwe mzigo wa kuonekana mtu wa imani za kale. Na kuna la kujifunza Samunge, ambalo wataalamu wa afya waliona aibu kujifunza: watu walikwenda kwa sababu upande wa pili wa habari kulikuwa na mtu, ana sura, amekaa mahali panapojulikana, anapokea kila aliyefika, na bei yake haikubadilika.

Linganisha na namba za simu za afya tulizonazo. Ipo 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure. Ni jambo jema na nimewahi kulisifu. Ila mzee wa Enguserosambu anaota, anagombana na anaomba kwa Kimaa. Kiswahili chake ni cha mnadani, kinatosha kuuza mbuzi. Hakitoshi kueleza kwamba mguu wa kushoto umekuwa kama si wake tangu alfajiri. Bibi ndiye aliyeachwa nyuma zaidi, kwa kuwa hata mnadani hakuwa akienda. Atapiga mjukuu, mjukuu atatafsiri maumivu asiyoyajua kwa lugha aliyojifunza shuleni, na mtu wa upande wa pili atashauri "mpelekeni kituo cha karibu."

Ipo pia m-mama, ambayo kwangu ndiyo huduma ya afya ya simu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote nchini. Ilijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha kuanzia mwaka 2022 ikasambazwa nchi nzima. Unapiga 115, mtu anapokea, anauliza maswali machache, anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo anamwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hakuna programu ya kupakua. Hakuna neno la siri. Simu inapigwa, gari linakuja. Huduma hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, na ni haki yao. Lakini mzee aliyepigwa na kiharusi saa kumi usiku kule mlimani anahitaji kitu kilekile, madereva ni walewale, njia ni ileile. Ningekuwa na sauti wizarani ningeliomba hilo kabla ya programu yoyote mpya: 115 ipokee na wazee.

Wilaya ya Ngorongoro si mgeni wa mambo haya. Mwaka 2016 UNESCO na kampuni ya Samsung walizindua kijiji cha kidijitali Ololosokwan, hapohapo Loliondo, mpakani na Kenya. Kukawa na darasa la intaneti linaloendeshwa kwa jua, na kituo cha tiba mtandao. Ilikuwa hatua ya kuheshimika, na watoto walinufaika. Lakini angalia kilichofikiriwa: jengo. Tiba mtandao ilifanya umbali kati ya daktari na zahanati upungue, ikaacha umbali kati ya zahanati na kitanda cha fito pale pale ulipokuwa. Kijana anaweza kuuvuka kwa pikipiki. Mzee mwenye magoti mabovu, wakati wa masika, hauvuki.

Kinyume chake kilifanyika Nakuru, Kenya, na kila mpanga mradi angestahili kukijua. Daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walikuwa wakifuatilia macho ya wazee, wakajaribu kuacha mitambo mizito na kutumia simu. Programu yao, Peek, inaonyesha kwenye kioo herufi moja tu, E, ikigeuzwa huku na huku. Mzee hahitaji kuisoma. Ananyoosha mkono kuonyesha miguu ya ile herufi imeelekea wapi, mpimaji anatelezesha kidole upande huohuo, simu inapunguza au kuongeza ukubwa wa herufi na mwisho inatoa jibu. Walipima nyumbani kwa watu, wakalinganisha na vipimo vya kliniki, wakachapisha mwaka 2015 kwamba matokeo yanakubaliana. Mzee asiyejua kusoma alifanya mtihani wa macho kwa ishara aliyozaliwa nayo. Simu ilikuja nyumbani mkononi mwa mtu, ikaondoka na mtu, na mwenye nyumba hakutakiwa kununua, kuchaji wala kusajili chochote.

Na kwa wale wanaodhani kupima presha nyumbani ni anasa ya matajiri, wasome habari za Ohasama, mji wa wakulima kaskazini ya Japani. Watafiti waligawa mashine za presha kwenye kaya za huko tangu miaka ya 1980. Wanakijiji wakapima wenyewe kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Miaka ikapita, ikaonekana kwamba namba za nyumbani zinatabiri kiharusi na vifo vizuri kuliko namba za kliniki, ambako watu wengi presha hupanda kwa kumwona tu mwenye koti jeupe. Ndiyo maana leo kipimo cha nyumbani kinahesabiwa cha juu kuanzia 135 kwa 85, ilhali cha kliniki ni 140 kwa 90. Wale wakulima hawakuwa vijana wa kompyuta. Walikuwa na mashine moja kwa kaya, daftari, na mtu wa kulichukua daftari lile na kulifanyia kazi. Hicho cha mwisho ndicho sisi tunachokisahau tunapopiga hesabu.

Liko jambo zito zaidi, na wanaozungumzia afya hupenda kulikwepa kwa kuwa linanuka siasa. Ni kuandikishwa. Kila mfumo wa kidijitali unaanza kwa kuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na alama ya kidole. Mzee wa rika la Seuri anajua alitahiriwa lini na akina nani. Tarehe ya kuzaliwa hana, kwa hiyo karani anamwandikia tarehe 1 Januari ya mwaka fulani na kuendelea. Mwaka huo ukikosewa kwa mitano tu, matibabu bure ambayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyaahidi kwa wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi yanakuwa ya kubishania dirishani. Kidole nacho. Wakati laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ikawekwa kuwa mwisho, kote nchini wazee walisimama mbele ya mashine zilizokataa vidole vyao, vidole vilivyosuguliwa na kamba, kuni na vibuyu hadi mistari ikafutika. Waliambiwa wajaribu tena, na tena, mbele ya watu.

Kisha kuna ardhi. Loliondo ya Juni 2022, wakati wa kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500, iliacha majeraha ambayo hayajapona, na huko hifadhini majina ya watu yalikuwa yakiandikwa kwa ajili ya kuhamia Msomera, Handeni. Nani alikuwa na haki gani ni mjadala wa makala nyingine. Kwa hili la leo inatosha kusema kwamba katika wilaya ambayo orodha ya majina imewahi kumaanisha kuondoka, mtu anayekuja bomani na simu akiuliza "mko wangapi hapa, na nyumba iko wapi ramani ipate kuisoma" atatazamwa mara mbili. Atatazamwa hata kama amevaa fulana ya afya. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti linalohitaji ridhaa. Ridhaa hiyo ielezwe kwa Kimaa, mbele ya laigwanan, kiongozi wao wa mila, kama wenyewe wakitaka, na mzee aambiwe bayana orodha inakwenda kwa nani na haiendi kwa nani. Kitufe cha "nakubali" kilichobonyezwa na mjukuu si ridhaa ya mtu.

Ninachokitaka basi ni kitu cha kawaida sana, na ndiyo maana hakitavutia wafadhili. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Wale watakaopangwa Enguserosambu, hadi Naan na Ng'arwa, wabebe mashine wao. Mashine isiachwe bomani. Ibebwe na mtu anayejua Kimaa, ambaye akiingia anainamisha kichwa aguswe utosini kama adabu inavyotaka, anasubiri aulizwe habari za mvua na za mifugo, ndipo afungue begi. Dakika hizo za salamu si hasara. Ni zile dakika 5 za kutulia ambazo kijitabu cha mashine kinazidai. Begi liwe na mkanda mwembamba wa ziada. Namba zisomwe kwa sauti kwa mwenye mkono tu, na akitaka watoto watoke nje, watoke.

Uchaguzi wa mhudumu nao si jambo dogo. Kijana wa kiume aliyetoka kumaliza kidato cha nne, hata awe na akili za namna gani, hawezi kumwambia bibi wa rika la mama wa baba yake afungue mkono, sembuse amuulize kuhusu mkojo. Mwanamke wa makamo aliyeolewa katika boma za karibu, hata kama hajasoma sana, ataambiwa mambo ambayo programu yoyote haitaambiwa. Ikibidi awe na kijana wa kumjazia fomu kwenye simu, basi na iwe hivyo. Huo ni mgawanyo wa kazi na hauna ubaya wowote. Masharti ya elimu yanayowekwa na waandishi wa miongozo yamewaacha nje wanawake wa aina hii katika kata za wafugaji, kwa sababu wakati wao shule haikuwafikia.

Na kabla mashine haijatoka Wasso, dawa za presha na za kisukari ziwe zimetangulia zahanati, za miezi mitatu, kwa hesabu ya wazee wanaojulikana. Kama hazipo, mhudumu abaki nyumbani. Sisemi kwa kebehi. Mzee akipimwa mara mbili bila dawa, mara ya tatu hutamkuta, atakuwa ameambiwa mko njiani na amekwenda kuangalia ndama.

Gharama? Mashine yenyewe si ghali, ndiyo maana zinanunuliwa kwa mkupuo na kupigiwa picha. Ghali ni betri nzuri kila mwezi, vipande vya kupimia sukari, vocha ya mhudumu, mafuta ya pikipiki wakati wa masika, na posho yake isiyochelewa. Vitu hivi havina uzinduzi wala utepe wa kukata. Katika bajeti ya halmashauri vitatakiwa viandikwe kimoja kimoja, kila mwaka, na diwani wa kata avisome mstari kwa mstari kabla hajapiga kura.